Barua ya wazi kuhusu elimu ya vyuo vikuu: wa HKL nao washike kipimajoto

Kwa:
Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia
Katibu Mtendaji, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU)
Makamu Wakuu wa Vyuo Vikuu vya umma na vya binafsi

YAH: KOZI MOJA YA SAYANSI ASILIA KWA KILA MWANAFUNZI WA SHAHADA YA KWANZA

Waheshimiwa,

Rejeeni kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwalimu wa Historia na Kiswahili katika sekondari ya serikali wilayani Arumeru. Nilisoma HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), nikaenda chuo kikuu kusomea ualimu wa masomo hayo hayo, na sijajutia. Kwa hiyo siandiki kuwaomba muwasukume watoto wote kwenye michepuo ya sayansi, PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) na PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati). Wimbo huo tunaimbiwa kila bajeti. Ninachoomba ni kidogo kuliko hicho: mwanafunzi wa sheria, wa uandishi wa habari, wa utawala, wa uhasibu, wa ualimu wa sanaa, asipewe shahada bila kusoma walau kozi moja ya sayansi asilia. Na iwe kozi ya kweli, ya kupima, kukosea na kupima tena.

Nianze na historia, kwa kuwa ndiyo inayonilisha. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikubali hoja kwamba mhandisi asiyeielewa jamii yake hajaelimika vya kutosha. Ikaanzishwa kozi ya pamoja kwa wanafunzi wa fani zote, na mwaka 1973 ikaundwa taasisi kamili ya masomo ya maendeleo. Hadi leo kijana anayesomea uhandisi au kilimo anakaa kwenye ukumbi uliojaa hadi dirishani kusoma DS, yaani masomo hayo ya maendeleo. Wanalalamika, wanapitia madesa (notsi za kunakili) usiku wa kuamkia mtihani, wapo wanaokula sapu (mtihani wa marudio), lakini kozi ipo na mimi naiunga mkono. Zaidi ya miaka hamsini tumekuwa tukimwambia mtu wa sayansi kwamba hawezi kuishia kwenye fani yake. Mtu wa sanaa hatujamwambia hivyo hata mara moja. Koti tumelishona mkono mmoja.

Angalieni alikopitia huyu mtu wa sanaa. Kwa utaratibu waliosomea wengi walioko vyuoni sasa, Fizikia na Kemia unaweza kuziaga ukimaliza Kidato cha Pili. Baiolojia na Hisabati zinakusindikiza mpaka Kidato cha Nne, nyingine kwa kukuburuta. Baada ya hapo ni HKL, HGL au HGK (G ni Jiografia), halafu chuo. Mwanasheria wa miaka ishirini na mitano, basi, mara ya mwisho alizungumza na fizikia akiwa na miaka kumi na tano hivi. Hata hayo mazungumzo yenyewe nimeyapamba. Walimu wenzangu wanakumbuka kampeni ya maabara za shule za kata ilivyopamba moto mwaka 2014 na 2015. Iliwashwa kwa sababu maabara hazikuwepo. Wengi wa kizazi hicho walisoma kemia ya chaki: mwalimu anachora chombo cha maabara ubaoni, darasa linakubali kwamba rangi imebadilika.

Mtasema, ana hasara gani? Historia haihitaji kemia.

Inahitaji. Kila mwaka nafundisha chimbuko la binadamu, na kila mwaka tunafika kwa Zinjanthropus, fuvu aliloliona Mary Leakey pale Olduvai tarehe 17 Julai 1959. Vitabu vinasema lina umri wa miaka milioni 1.75, na mwanafunzi anaiandika namba hiyo kama anavyoandika tarehe ya Uhuru. Kurasa chache nyuma vitabu hivyohivyo vilimfundisha kwamba wanaakiolojia hupima umri kwa kaboni 14. Siku moja binti wa Kidato cha Kwanza akanyoosha mkono kuuliza: kwa hiyo Zinj alipimwa kwa kaboni 14? Jibu lake halikuwemo katika kozi yoyote ya historia niliyosoma chuoni, na nilizisoma nyingi.

Jibu ni hapana, tena haiwezekani. Kaboni 14 hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi. Ukishapita miaka elfu hamsini, kilichobaki ni kidogo mno kukitegemea. Olduvai walipima majivu ya volkano yaliyotanda kwenye tabaka lenye fuvu. Potasiamu ya aina ya 40, iliyomo ndani ya miamba hiyo, huoza polepole sana, nusu yake ikichukua takriban miaka bilioni 1.25, na sehemu ya kinachozaliwa ni gesi ya agoni. Mwamba ukiwa umeyeyuka, agoni hutoroka. Ukishaganda, kila agoni inayozaliwa humo hunaswa. Pima agoni iliyonaswa na potasiamu iliyopo, utajua mwamba uliganda lini. Kipimo hicho kilitangazwa mwaka 1961. Kabla yake, Louis Leakey, mume wa Mary, alikuwa akikadiria umri wa fuvu kuwa miaka laki sita hivi. Namba ikaruka karibu mara tatu kwa miaka miwili, na fuvu ni lilelile.

Mimi hapo ndipo naiona historia yenyewe. Namba ina wazazi: ina kifaa kilichoipima, ina dhana iliyobebwa (kwamba agoni haikuvuja wala kuingia kutoka nje), na inaweza kubadilika. Mwalimu anayejua hivyo hufundisha somo jingine kabisa. Asiyejua anakaririsha, na mtoto wa familia yenye imani kali akimwambia kwamba dunia haina umri huo, wanabaki wawili wanaotupiana namba, kila mmoja akiwa ameipokea tu.

Sasa tuje Arumeru, ambako somo hili linaonekana mtu akitabasamu. Ukipita Maji ya Chai, King'ori hadi Ngarenanyuki utawaona vijana wenye meno yenye madoa ya kahawia, na wazee wengine ambao mifupa imewapinda. Ni floridi. Inatoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru, inayeyuka kwenye maji, na watu wanainywa tangu utotoni meno yakiwa bado yanajengwa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuna chemchemi na visima huku vinavyopita hapo mara nyingi. Magadi tunayotia kwenye maharage na makande nayo yana floridi yake. Haya yanajulikana miaka mingi. Serikali ina kituo cha utafiti wa kuondoa floridi pale Ngurdoto, na mkaa wa mifupa ya ng'ombe unaotumika kuchuja maji si teknolojia ya kutisha.

Lakini sikilizeni mikutano. Kwa nia njema kabisa, wananchi wanaambiwa wachemshe maji. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, na ni jambo jema. Floridi haichemki ikaondoka. Maji yanapungua kwa mvuke, floridi inabaki ileile, kwa hiyo kikombe cha mwisho sufuriani kina floridi zaidi ya cha kwanza. Wanaosimama mbele ya mikutano hiyo ni watendaji wa kata, madiwani, maofisa maendeleo ya jamii na walimu wakuu, na wengi wao wana shahada. Kijijini jukwaa si la mkemia. Anayeamua kisima kichimbwe wapi, nani alipe, maji yapimwe kwanza au yazinduliwe kwanza, ni mtu wa utawala au wa sosholojia. Hatuwezi kumpa madaraka juu ya maji halafu tukasema maji ni ya watu wa sayansi.

Mahakamani ni hivyo hivyo. Tuna Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, na Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali inapima vinasaba kwa ajili ya kesi za ubakaji, mauaji na ubaba wa watoto. Ripoti inafika mbele ya hakimu na mawakili wawili. Hakuna kati ya hao watatu aliyelazimika kusoma kinasaba ni nini baada ya Kidato cha Nne. Wakili akishindwa kuuliza sampuli ilihifadhiwaje na ingeweza kuchanganyika vipi, basi karatasi yenye muhuri ndiyo iliyohukumu. Tusiende mbali: bado kuna akina mama wanaoachwa kwa kuzaa mtoto mwenye ualbino, na ofisa ustawi anayesuluhisha ndoa hiyo angepaswa kuweza kuchora kwenye karatasi kwamba kwa kawaida baba na mama wote wawili ndio waliobeba kinasaba hicho bila kuonekana nje, na kwamba kila ujauzito wao una nafasi moja kati ya nne. Mchoro huo unachukua dakika mbili.

Wanahabari nitawataja kwa upendo, wengine ni wanafunzi wangu. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa angalizo huandika uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari, kila kimoja na daraja lake. Ikifika redioni, "uwezekano wa wastani" umeshakuwa "mvua kubwa kunyesha kesho." Aprili 2021 kimbunga Jobo kiliishiwa nguvu kabla ya kufika pwani yetu, na mitandaoni watabiri wakaitwa waongo. Mei 2024 kikaja Hidaya, na ukiwa Mafia hukuhitaji kuambiwa kwamba onyo lilikuwa la kweli. Anayeelewa uwezekano haoni mgongano kati ya matukio hayo mawili. Asiyeelewa atasikia onyo la tatu kama kelele.

Na kuna Loliondo. Najua jina hilo linawachosha, lakini mwaka 2011 ulikuwa mtihani wa taifa na wasahihishaji hawakuwepo. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, marehemu sasa, alitoa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga pale Samunge kwa shilingi 500, na foleni ya magari ikapimwa kwa kilomita. Sina neno na mzee. Alitoza kiasi cha nauli ya daladala tu, na mgonjwa aliyekata tamaa huenda popote. Kilichonisumbua ni kwamba foleni ilikuwa na magari ya serikali, na wasomi waliorudi wakitoa ushuhuda. Kisukari, presha, pumu na Ukimwi vilisemekana kupona. Msomi alipaswa kuuliza maswali yasiyohitaji digrii ya udaktari. Waliokunywa wasipone wamehesabiwa na nani? Pumu na presha hupanda na kushuka zenyewe. Waliokaa nyumbani bila kunywa walikuwaje wiki hizohizo? Aliyesema amepona virusi, amepimwa tena? Wapo walioacha dawa za kufubaza virusi wakingoja maajabu. Maswali hayo matatu ni nusu ya kozi ninayoiomba.

Sasa, kozi yenyewe iweje? Hapa nina wasiwasi kuliko mahali popote, maana najua tunavyoweza kuiharibu. Itaitwa "Sayansi kwa Wote", itapewa mhadhiri msaidizi mmoja kwa wanafunzi mia sita, itakuwa na slaidi za mfumo wa jua, sehemu za ua na jedwali la elementi, mtihani wa kuchagua A hadi D, na baada ya mwaka wa kwanza desa lake litauzwa stesheneri ya nje ya geti. Ikiwa hivyo, iacheni. Kukariri tunakujua tayari.

Mimi ningeanza na maziwa ya Mpemba. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba kule Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake, akaingiza maziwa yake kwenye jokofu yakiwa bado moto ili asikose nafasi. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyowekwa bila kuchemshwa. Akauliza, akaambiwa amechanganyikiwa. Akauliza tena akiwa Mkwawa, Iringa, mwalimu akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba. Akaja Denis Osborne, mhadhiri wa chuo cha Dar es Salaam, kutoa mada shuleni. Mpemba akauliza mbele ya wote, wenzake wakacheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar na kumwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta taarifa kwamba kweli maji ya moto yameganda kwanza, akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha makala katika jarida la ufundishaji wa fizikia, na jina la kijana wa Magamba likaingia vitabuni dunia nzima.

Kisha, na hapa ndipo pazuri, ningewaambia wanafunzi kwamba ubishi haujaisha. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walirudia majaribio kwa uangalifu, hawakuliona jambo hilo, na wakaonyesha kwamba ukiweka kipimajoto juu au chini kwa sentimita moja tu unaweza kujidanganya. Wengine hawakubaliani nao. Haya, nyie wa sheria, hapa kuna jokofu, vikombe na vipimajoto. Andikeni kwanza mnatarajia nini. Pimeni. Rudieni. Elezeni kwa nini kundi la dirishani limepata tofauti na la mlangoni. Umeme ukikatika katikati ya jaribio, andikeni na hilo. Gharama ya somo hilo haifikii posho ya kikao kimoja, nanyi mnajua ninachosema.

Kila chuo kichukue pia swali la kwake. Zanzibar wana mwani wa kotoni uliokuwa ukiwapa akina mama fedha nzuri na sasa unakufa bahari inapopata joto. Kanda ya Ziwa wana zebaki ya wachimbaji wadogo. Mbeya hawako mbali na Kimondo cha Mbozi, tani kama kumi na sita za chuma kutoka angani, ambacho wengi wamepigia picha tu. Dodoma wana mvua, au ukosefu wake. Mwanafunzi akae na swali moja muhula mzima, asome vipimo vilivyopo, achukue vyake vichache, aandike kurasa chache akitetea anachodai na kukiri asichojua. Nawasihi pia mruhusu mjadala ufanyike kwa Kiswahili. Anayepambana na Kiingereza na uwezekano kwa wakati mmoja hupoteza vyote viwili.

Mtaniambia mitaala imejaa. Shahada ya miaka mitatu ina krediti zisizopungua 360; kozi ya krediti 12 ni sehemu moja ya thelathini. Mtaniambia hakuna fedha, nami nitataja HEET, mradi wa kuboresha elimu ya juu wa dola milioni 425, ulioanza mwaka 2021, ambao umejenga maabara na kupitia upya mitaala ya vyuo vya umma. Kama maabara mpya zitafunguliwa kwa wa sayansi peke yao, tumejenga ukuta uleule kwa tofali mpya. Mtaniambia wanafunzi watalia kuhusu GPA, wastani wa alama zao. Watalia. Kozi inaweza kuhesabiwa kwa kupita au kutopita, miaka ya mwanzo angalau. Na kuhusu wahadhiri, naomba jambo moja gumu: wapewe maprofesa walioiva. Kumfundisha fizikia mtu anayeipenda ni rahisi kuliko kumfundisha aliyeikimbia.

Wala hatutakuwa wa kwanza. Chuo Kikuu cha Nigeria pale Nsukka kilipofunguliwa mwaka 1960 kilikuwa na masomo ya jumla yaliyomgusisha sayansi asilia hata mtu wa fasihi. Columbia ya New York inawasomesha wanafunzi wake wote ustaarabu tangu 1919, na kozi yake ya pamoja ya sayansi ilikuja 2004. Walichelewa miaka themanini na mitano. Sisi tukihesabu kutoka 1967 bado tunawashinda, ingawa si kwa mbali.

Mtaala mpya wa sekondari umeifanya Historia ya Tanzania na Maadili kuwa ya lazima. Nimefurahi, ni kazi yangu, na vipindi vimeongezeka. Hakuna aliyemuuliza mtoto wa PCM kama anaipenda. Tuliona anaihitaji.

Kwa hiyo ninaomba yafuatayo. TCU iiweke kozi hii katika viwango vya chini vya shahada zote zisizo za sayansi. Kabla ya kuilazimisha nchi nzima, chagueni vyuo viwili vya umma na kimoja cha binafsi. Wapangeni wanafunzi kwa bahati nasibu, nusu waisome mwaka huu na nusu mwaka unaofuata. Wote wapewe jaribio moja mwanzoni na mwishoni: wasome tangazo la dawa, angalizo la mvua na ripoti ya maji, waseme kipi kimethibitishwa na kipi bado. Matokeo yachapishwe hata yakiwa mabaya. Yakionyesha kwamba walioisoma hawana tofauti na ambao hawajaisoma, nitaandika barua nyingine kuomba ifutwe.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Historia na Kiswahili
Arumeru

Nakala: Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Elimu, Utamaduni na Michezo, TAHLISO (jumuiya ya wanafunzi wa elimu ya juu), wakuu wa idara za fizikia, kemia na baiolojia, ambao najua wataanza kwa kusema hawana walimu wa kutosha.